Kukausha gari kwa upepo baada ya kuosha: kompresa, bloa au taulo? Na madoa yanatoka wapi?

#1 Mama Noah
Habari wakuu. Sehemu nyingi za kuosha magari hapa Dar, gari likishasuuzwa kijana anavuta mpira wa kompresa, anapuliza saitimira (vioo vya pembeni), vitasa, taa na grili, kisha anamalizia na kitambaa. Gari jeusi likikauka, ukilitazama juani unakuta madoa meupe ya duara kwenye boneti na mistari iliyoshuka kutoka chini ya saitimira.
Hoja yangu: upepo wa kompresa unahamisha maji tu kutoka kwenye mwanya kwenda kwenye rangi, na huenda ndio unaoleta madoa. Taulo zuri linatosha. Wenye ujuzi njooni, ila mtaje vipimo: presha ngapi, umbali gani, mtu aanzie wapi.

#2 Mzee wa Kompresa
Salaam. Hapo kinachokosewa ni mpangilio, upepo hauna kosa. Saitimira ndani ni ganda tupu. Maji yanaingia kwenye mwanya unaozunguka kioo na kutulia humo mpaka gari litikisike. Ukiipuliza baada ya kukausha mlango, maji yanashuka juu ya rangi kavu na mstari unabaki.
Anza na mianya ya juu: reli za paa, mpira wa kioo cha mbele, chini ya waipa. Njoo saitimira zote mbili, vitasa, mfuniko wa tangi la mafuta, taa za nyuma, nembo, kibao cha namba, grili, mwisho rimu. Hayo yote yafanyike bodi ikiwa bado imelowa. Taulo linafuata baadaye.
Regyuleta (kidhibiti presha) weka psi 40 hadi 60. Pua iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye bodi, na upepo uende kwa mshazari. Saitimira ipulize kutoka upande wa dirisha kwenda nje, uzungushe pembeni mwa kioo mara mbili, kwa sababu mzunguko wa kwanza unasukuma maji na mengine yanarudi kukusanyika chini ya ganda.

#3 Maji Magumu
Mama Noah, madoa ya duara hayatoki kwenye kompresa, yanatoka kwenye maji. Tufanye hesabu. Chukua eneo la bodi kama mita za mraba 10 na utando wa maji wa milimita 0.05 uliobaki baada ya kusuuza. Hiyo ni nusu lita. Kama ni maji ya kisima yenye TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka ndani ya maji) ya miligramu 800 kwa lita, humo mna miligramu 400 za madini. Maji yakiyeyukia juu ya bodi, miligramu zote 400 zinabaki kwenye rangi. Ukipuliza asilimia 90 ya maji yakadondoka chini yakiwa bado majimaji, zinabaki 40.
Kwa hiyo upepo unapunguza madoa kwa sababu unaondoa maji pamoja na madini yake kabla hayajakauka. Anayetaka uhakika anunue mita ya TDS ya mkononi. Chini ya 50 hutaona doa la maana, kuanzia 300 kwenda juu usiliache gari lijikaushe lenyewe.

#4 KliaNaPoda
Napinga kidogo #3. Kisima kina mchango wake, lakini mafundi rangi tunajua kompresa nyingi za mtaani zinatema maji na mafuta. Jaribu hivi: chukua kioo kisafi kikavu, kipulizie kwa sekunde 30 kutoka umbali wa shubiri moja, kisha kitazame kwa kukiinamisha kwenye mwanga. Ukiona vitone vidogo vinavyoteleza vikiwa na rangi za upinde wa mvua, hayo ni mafuta ya pistoni. Ringi zimekwisha, au mafuta yamejazwa kupita alama nyekundu ya kwenye dirisha lake.
Huo utando wa mafuta unakamata vumbi. Gari likifika Mbezi lina alama zilezile mteja anazosema ni madoa ya maji.

#5 Fundi Friji
#4 yuko sahihi kuhusu maji, nampa na vipimo. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kila lita 1000 ina mvuke wa gramu 24 hivi. Ukiibana hadi bar 8 juu ya presha ya kawaida inapungua ujazo mara tisa, na mvuke mwingi haupati pa kukaa. Zinadondoka gramu 15 hadi 20 za maji kwa kila lita 1000 zilizovutwa. Bunduki ya upepo inayotumia lita 200 kwa dakika, ndani ya dakika 10 umevuta lita 2000. Hapo una vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya maji ndani ya tangi, kwa gari moja.
Magari ishirini kwa siku bila kufungua bomba la chini ya tangi, maji hayo yanatafuta njia ya kutokea, na njia ni bunduki yako. Bomba lifunguliwe kila asubuhi na kila jioni, tangi likiwa na presha kidogo ili lisukume tope la kutu nje.

#6 Mzee wa Kompresa
Ndio maana kuna chujio la maji na mafuta. Likifungwa, habari imeisha.

#7 Fundi Friji
Haijaisha, Mzee wangu. Wengi wanalifunga palepale kwenye tangi. Hewa pale bado ya moto, maji yako katika hali ya mvuke na yanapita kwenye chujio bila kukamatwa. Yanakuja kugeuka kuwa matone ndani ya mpira. Chujio likae mwisho wa bomba, mita saba au zaidi kutoka kwenye kompresa, baada ya hewa kupoa. Bomba liwe la chuma na liinamie upande wa kompresa, matawi yachukuliwe kwa juu ya bomba, sio kwa chini.

#8 Upepo Mwingi
Wakuu mnahangaika na kompresa wakati kazi hii ni ya bloa. Kukausha gari kunataka wingi wa hewa kuliko presha. Kompresa ya HP 2 yenye tangi la lita 50, ikishuka kutoka bar 8 hadi bar 4 imetoa lita 200 tu. Hiyo ni dakika moja ya bunduki. Baada ya hapo mota inazunguka bila kupumzika, na zile za bei ya chini hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Bloa ya mkononi ya wati 600, zile zinazopulizia vumbi kwenye kompyuta na mashine za mbao, inatoa karibu lita 4000 kwa dakika. Mara ishirini.
Kwa bodi: paa kwanza, kutoka katikati kwenda pembeni. Vioo. Boneti kutoka kwenye kioo cha mbele kwenda kwenye taa. Milango kutoka juu kwenda chini. Pua ilale digrii 30 hadi 45, uyakimbize maji kama kundi moja kuelekea ukingoni, usitawanye matone huku na huku. Noah au Voxy nzima ni dakika 10 hivi. Rangi haijaguswa na kitu chochote, kwa hiyo hakuna ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani.

#9 Taulo Kavu
#8 umesahau kwamba bila waksi hilo kundi la maji halikimbii. Rangi iliyochoka, maji yanajitandaza. Unapuliza, yanatetemeka, yanabaki palepale. Watu wananunua bloa na kukata tamaa kwa sababu hiyo.
Taulo la mikrofaiba la nyuzi za kujisokota, zito, gramu 1000 kwa mita ya mraba au zaidi, unalitandaza juu ya boneti na kulivuta taratibu kwa pembe mbili bila kukandamiza. Mivuto miwili boneti limeisha. Taulo lenyewe lifuliwe peke yake, maji yasizidi nyuzi 40, bila sabuni ya kulainisha nguo, kwa sababu hiyo inafunika nyuzi na taulo linaacha kunyonya.

#10 Mama Noah
Asanteni. Sasa nina majibu matatu na yote yanapingana 😀 Swali la nyongeza: hewa ya bloa ni ya uvuguvugu. Je, ndiyo inayokausha?

#11 Upepo Mwingi
Ndiyo. Mota inaipasha hewa, ndio maana inakausha vizuri kuliko kompresa, ambayo hewa yake inatoka baridi.

#12 Fundi Friji
Hapana mkuu #11. Kuyeyusha nusu lita ya maji aliyoitaja #3 kunataka karibu kilojuli 1200. Bloa ya wati 1500, hata moto wake wote ungeingia kwenye maji bila kupotea, ingechukua dakika 13. Na moto mwingi unapotelea hewani. Bloa inakausha kwa kusukuma. Tena ukiyeyusha umerudi kwenye madoa ya #3, madini yote yanabaki juu ya rangi.

#13 Upepo Mwingi
Hesabu yako ni ya maji yote. Ukishasukuma, unabaki na kama mililita 50 zilizojificha kwenye mianya na kama utando mwembamba. Hizo zinataka kilojuli 120, sekunde 80 za wati 1500. Hapo joto lina kazi. Ukipuliza mwanya wa taa ya nyuma kwa hewa ya uvuguvugu hautoi machozi tena baadaye. Kwa kompresa unatoa, kila mtu amewahi kuona.

#14 Dodoma Kavu
Mnaongea mambo ya pwani. Huku Dodoma hewa ni kavu na maji ya visima vingi ni magumu. Saa tano asubuhi ukisuuza gari zima ndipo uanze kupuliza, ukifika mlango wa nyuma boneti limeshapata madoa. Utaratibu unaofaa huku:
Osha kivulini, kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi na moja jioni. Gusa boneti kwa kiganja, kama huwezi kukiacha hapo kwa utulivu, usilimwagie maji. Lisuuze gari zima, kisha mwenzako aendelee kulilowesha upande mmoja wakati wewe unapuliza mwingine. Suuza ya mwisho itoke kwenye mpira mtupu usio na pua, maji yashuke kwa utando mmoja kutoka kwenye paa. Mengi yanaondoka yenyewe kabla hujagusa bloa. Mashine ya presha kwa suuza ya mwisho inaacha maelfu ya matone madogo, na hayo ndiyo yanayokauka haraka.

#15 Mvita Kusini
Hamjambo. Hapa Mombasa tukichota visima vya karibu na bahari maji ni ya chumvi kabisa. Doa likikaa siku mbili chumvi inakula rangi. Dawa ni siki.

#16 Maji Magumu
Ndugu #15, tutenganishe vitu viwili. Chumvi ya bahari, ile ya mezani, ikikauka inaacha doa jeupe, lakini ukimwagia maji safi inayeyuka na kuondoka. Kazi yake mbaya ni kwenye chuma kilicho wazi, chini ya gari na kwenye mikunjo. Chokaa, yaani kabonati za kalsiamu na magnesiamu, haiyeyuki kwa maji safi. Hiyo ndiyo ya siki: siki nyeupe ya asilimia 5, changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini (yale ya kuongezea betri, sio asidi yake), loweka kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili kivulini, suuza vizuri. Siki isikae kwenye kromu wala chuma kitupu. Kisha paka waksi, kwa sababu siki nayo imeidhoofisha iliyokuwepo.
Kama doa halitoki kwa siki, ama lina silika ama klia (tabaka la juu la rangi, lile angavu) imeshalika na umebaki na kishimo. Hapo ni polishi.

#17 KliaNaPoda
Na kabla ya polishi mjue mnakula nini. Rangi ya kiwandani yote, kuanzia praima hadi juu, ni maikroni 100 hadi 150, na klia ndani yake ni 35 hadi 50 hivi. Kila polishi nzito inaondoa maikroni kadhaa. Ukipolishi kila baada ya miezi mitatu kwa sababu ya madoa ya maji, miaka michache mbele unamtafuta mtu kama mimi akupigie upya.
Jambo lingine ambalo halijaguswa humu: gari lililowahi kupigwa rangi mtaani. Ukiona kingo za klia zimeanza kuinuka kwenye paa au juu ya bampa, usilete upepo wa psi 60 pale. Hewa inaingia chini ya ukingo na kupeperusha kipande kizima. Bampa za plastiki zilizopigwa bila praima ya plastiki zinabanduka hivyohivyo. Sehemu hizo ni taulo, kwa kugandamiza taratibu bila kuvuta. Stika vilevile, puliza kufuata ukingo, usipulize kuelekea ukingo.
Na karakana inayopiga rangi isitumie mpira mmoja kwa kukaushia magari na kwa kupigia rangi. Dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi ina silikoni. Ikigusa mpira au bunduki, rangi mpya inafanya vishimo vidogo kila mahali.

#18 Taulo Kavu
Hapo kwenye klia inayoinuka tumekubaliana. Taulo.

#19 Usalama Kwanza
Psi 60 alizotaja #2 ni nyingi. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinaweka mwisho chini ya psi 30 kwa hewa ya kusafishia. Hewa ya kompresa ikipenya kwenye kidonda au ngozi laini inaweza kuingia kwenye mishipa. Vijana wanaopulizana nguo na nywele mwisho wa kazi wakomeshwe leo, sio kesho.

#20 Mzee wa Kompresa
Nakubali kuhusu kupulizana. Lakini kanuni hiyo inapima presha ya kwenye tundu la pua likiwa limezibwa, haisemi regyuleta isizidi 30. Pua zenye matundu ya pembeni zinaruhusu hewa kutoka hata ukiziba mbele kwa kidole, ndio maana unaweza kuweka 60 kwenye bomba na bado ukawa ndani ya kanuni. Anayetumia ile pua ndefu nyembamba ya tundu moja, hiyo ishushe hadi 30 kweli. Na miwani ivaliwe, mchanga wa kwenye grili unarudi usoni.

#21 Usalama Kwanza
Pua hizo zenye matundu ya pembeni ni ngapi mtaani? Nyingi ni za tundu moja. Na bloa nayo ina lake: sauti. Zenye mota mbili zinapita desibeli 90 kirahisi. Desibeli 85 ni mwisho wa saa nane kwa siku, kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu, kwa hiyo 94 ni saa moja tu. Anayekausha magari kutwa nzima avae vizibo vya masikio.

#22 Plagi Nne
Ndani ya boneti je? Kuna wanaopuliza injini nzima.

#23 Gerezani Fundi
Wanapuliza, na wengine wanaharibu. IST, Vitz na wenzao wa injini ya 1NZ-FE wana koili moja moja juu ya kila plagi. Maji ya kuoshea injini yakiingia kwenye kisima cha plagi (shimo inamokaa), gari linaanza kutetemeka likiwa sailensi (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na taa ya injini inawaka. Ukipima kwa mashine unapata kodi za silinda kukosa kuchoma, P0300 au P0301 hadi P0304. Mwenye gari anaambiwa koili zimekufa, kumbe ni maji.
Fungua kifuniko cha plastiki, toa koili (boliti ya 10 moja kila koili, soketi ya umeme ibonyezwe klipu kwanza), puliza kisima kwa psi 30 plagi ikiwa bado imefungwa. Usitoe plagi kwanza, mchanga utaingia kwenye silinda. Futa mpira wa koili, rudisha. Koili nyingi hapo zinapona.
Oltaneta ipulizwe kwa mbali, nusu mita, usiingize pua kwenye matundu yake. Soketi za umeme usizipulize kwa kuzilenga mdomoni, unayasukuma maji ndani kuvuka mpira wake. Rejeta: mapezi yake ni alumini laini, psi 60 kwa karibu yanalala. Puliza kutoka upande wa injini kwenda nje, pua ikiyaelekea mapezi moja kwa moja bila kulala, psi 30.

#24 Umeme Mdogo
Naongeza la waya, linaua mota kimya kimya. Kompresa ya HP 2 inakula ampea 10 hivi ikizunguka, lakini ikiwaka inavuta hata 40 kwa muda mfupi. Waya wa ekstensheni wa milimita za mraba 0.75 wenye mita 30 una ukinzani wa karibu omu 1.5 kwenda na kurudi. Wakati wa kuwaka unapoteza volti 59. Mota inaunguruma bila kuzunguka na kapasita inakufa. Waya wa 2.5 kwa urefu huohuo unapoteza 18. Bora zaidi, kompresa ikae karibu na soketi na urefu uwe wa mpira wa hewa.
Ekstensheni usiiache imeviringwa kwenye gurudumu lake, inapata moto. Na kwa kuwa mnasimama kwenye maji mkiwa na bloa mkononi, mstari huo uwe na kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30. Kibonyezwe kitufe chake cha majaribio kila mwezi.
Gharama isiwatishe. Bloa ya wati 1500 kwa dakika 10 ni robo unit. Kwa anayepata unit 2.8 kwa elfu moja, ni kama shilingi 90 kwa gari.

#25 Pangani Chuma
Mmenisahaulisha kilichonileta: kutu. Kwa wa pwani faida kubwa ya upepo iko kwenye mikunjo. Chini ya kila mlango kuna matundu mawili au matatu ya kutolea maji. Vumbi linayaziba, maji yanakaa ndani ya mlango wiki nzima, na kutu inaanzia ndani kuja nje. Unapoona kipele kwenye rangi, chuma kimeshakwisha. Fungua mlango, pitisha kijiti cha plastiki kwenye tundu, kisha puliza psi 30 kwa chini. Fanya vivyo hivyo kwenye mfereji wa buti na chini ya mpira wa mlango wa nyuma.

#26 KliaNaPoda
Nina shaka na hili. Kwenye mikunjo iliyobanwa, bati juu ya bati, upepo unaweza kuyaingiza maji ndani zaidi kuliko yangeingia yenyewe, na yakishaingia hayatoki kwa kupuliza. Mikunjo ya chini ya mlango iachwe itiririke, gari liegeshwe mahali palipoinama kidogo, milango wazi nusu saa.

#27 Pangani Chuma
Nusu saa kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 80? Mkunjo haukauki. Ukipuliza unapata hewa inayopita, na hewa inayopita ndiyo inayokausha mkunjo. Kama unaogopa kusukuma maji ndani, shusha presha, usiache kupuliza.

#28 KliaNaPoda
Milango ninayofungua ikiwa imeoza ni ya magari yanayooshwa kwa presha kila siku. Mengi kati ya hayo yanapulizwa.

#29 Boda Tanga
Na pikipiki wakuu? Upepo unafaa?

#30 Gerezani Fundi
Unafaa sana. Puliza mnyororo pande zote ukizungusha gurudumu, kisha paka oili palepale, mnyororo mkavu usio na oili unashika kutu usiku mmoja. Puliza kofia ya plagi na swichi za usukani kwa mbali. Usipulize moja kwa moja kwenye sili za bearingi za magurudumu wala shingo ya usukani, unaingiza maji kwenye grisi. Breki ya diski puliza, halafu kanyaga mara chache ukiwa taratibu kabla ya kuingia barabarani.

#31 Muscat Baharini
Salaam kutoka Omani. Huku maji ya bomba mengi yanatoka baharini baada ya kuondolewa chumvi, madoa ya chokaa yanapungua. Shida yetu ni joto na vumbi. Bodi ikiwa ya moto hata maji mazuri yanaacha alama ya sabuni kabla ya kusuuzwa. Na bloa inavuta vumbi la chini. Msiiweke sakafuni inapofanya kazi, inanyonya mchanga kwa nyuma na kuupiga kwenye rangi kwa mbele. Chujio la sponji lililo nyuma lioshwe na kukaushwa kila wiki, na bloa iwashwe kwanza ikiwa imeelekezwa pembeni kwa sekunde kadhaa ndipo igeuzwe kwenye gari.

#32 Dodoma Kavu
#31 umegusa sabuni, na mimi naona nusu ya madoa ya Mama Noah yanatoka hapo. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa waksi yote, halafu inaacha mabaki yake. Sabuni ya mche ndiyo mbaya zaidi kwenye maji magumu, inafanya utando mweupe unaong'ang'ania. Shampuu ya gari, mililita 30 kwenye ndoo ya lita 10, ndoo ya pili ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Waksi ikibaki, hata upepo wa #8 unafanya kazi.

#33 Upepo Mwingi
Hilo namuunga mkono, na nijibu #9 papo hapo: kwa rangi isiyo na waksi, pulizia dawa ya kuteleza juu ya bodi iliyolowa, kiasi cha mibonyezo miwili kwa kila paneli, kisha bloa. Maji yanajikusanya na kuondoka. Gari lililopakwa keramiki (mipako migumu inayokataa maji) halihitaji hata hiyo.

#34 Taulo Kavu
Au hiyo dawa pulizia halafu vuta taulo. Dakika nne, bila kelele na bila umeme.

#35 Upepo Mwingi
Na saitimira utaivuta na taulo gani?

#36 Taulo Kavu
Saitimira, vitasa na taa chukua upepo, sikatai. Nakataa kupuliza paa na boneti dakika kumi.

#37 Mzee wa Kompresa
La mpira limesahaulika. Mpira wa hewa upite juu ya bega, usiburuzwe kwenye boneti. Viungio vyake vya shaba vinachora rangi kuliko taulo lolote. Vivalishwe kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.

#38 Mama Noah
Asanteni sana, nimeandika mengi. Moja limebaki: taa za nyuma za Noah zinapulizwa vizuri, gari linatoka pale, dakika tano baadaye mstari wa maji umeshuka hadi kwenye bampa. Na ni kila safari.

#39 Gerezani Fundi
Hayo maji hayako kwenye taa, yako juu yake. Mpira wa mlango wa nyuma una mfereji unaoshuka pembeni hadi nyuma ya taa. Ukipuliza mlango ukiwa umefungwa huyafikii. Fungua mlango wa nyuma taratibu, nusu kwanza, maji ya juu yamwagike nje yasiingie kwenye buti. Puliza mfereji kutoka katikati ya paa kushuka kulia, kisha kushoto, halafu mzunguko wa taa. Funga, sogeza gari mita chache, funga breki, rudi kinyumenyume, funga tena. Yaliyobaki yatatoka hapo. Puliza mara ya pili, ndipo ufute bampa.

#40 Fundi Friji
Ukifanya hivyo na bado inatoa machozi, tazama kama gasketi ya taa imepasuka. Toa taa, skrubu zake zinaonekana mlango wa nyuma ukiwa wazi. Kama ndani ya bodi nyuma ya taa kuna tope, maji yanaingia na kutoka hapo hata siku ya mvua.